Maswali ya Wasomaji: Mtoto ni wa nani msimu wa korosho ukifika?

SWALI: Mhariri, mimi ni bibi ninayeishi katika kijiji kimoja wilayani Tandahimba. Ninalea wajukuu wawili ambao mama yao, binti yangu, yuko Dar es Salaam akijitafutia riziki. Baba yao ana mke mwingine kijiji cha jirani na mwaka mzima hatumwoni, wala hatoi hata daftari. Lakini korosho zikianza kudondoka huja kumchukua mkubwa, aliye darasa la nne, akamwokotee wiki nzima. Nikisema, naambiwa mtoto ni wake. Katika mkutano wa kijiji tulielezwa kwamba ipo sera ya taifa ya mtoto. Inasemaje? Na mimi ninayekwenda naye Jumamosi kwenye mikorosho yangu michache, je, ninavunja sheria?
– Bibi, Tandahimba

JIBU: Shikamoo, Bibi. Tuanze na hofu yako mwenyewe. Mjukuu anayekusaidia Jumamosi kuokota, kutenganisha korosho na mabibo na kuzianika, kisha akarudi nyumbani kula na kucheza, hakufanyi wewe mkosaji. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 15, yenyewe inamtaka mtoto afanye kazi kwa ajili ya mshikamano wa familia yake, ilimradi umri na uwezo wake vizingatiwe. Usimpe tu kazi ya kupuliza dawa ya salfa kwenye mikorosho, wala usimweke kwenye kubangua, kwa sababu mafuta ya ganda la korosho hubabua vidole vya mtu mzima, sembuse vya mtoto.

La baba yake ni jambo jingine. Sera ya Maendeleo ya Mtoto ilitolewa kwanza mwaka 1996 na ikafanyiwa mapitio mwaka 2008, na imesimama juu ya haki tano: kuishi, kuendelezwa, kulindwa, kushirikishwa na kutobaguliwa. Sera ni mwelekeo wa Serikali, haimfikishi mtu mahakamani. Meno yake ni sheria niliyoitaja. Kifungu cha 8 kinakataza mtu yeyote, mzazi akiwemo, kumnyima mtoto elimu, chakula, mavazi, malazi au matibabu, na vifungu vinavyohusu kazi vinahesabu kuwa ni unyonyaji kazi inayomnyima mtoto elimu, afya au maendeleo yake. Umri wa chini wa kuajiriwa, hata kwa kazi nyepesi, ni miaka 14. Kwa hiyo kauli ya kwamba mtoto ni wake haimsaidii: uzazi unampa baba wajibu wa kumlea, haumpi kibarua wa bure. Tena upimaji wa kitaifa wa darasa la nne katika miaka ya karibuni umekuwa ukifanyika mwishoni mwa Oktoba, wakati ambapo huku kwetu watu wako mashambani na minada imepamba moto, hivyo wiki anazokosa mjukuu wako ni zile asizopaswa kukosa kabisa.

Ufanye nini? Usingoje msimu. Nenda kwa mtendaji wa kijiji ueleze kama ulivyotueleza sisi, na umwombe mwalimu wa darasa akuonyeshe siku alizokosa mtoto katika daftari la mahudhurio mwaka jana, kwa maana maneno hubishwa lakini daftari lina tarehe. Kifungu cha 94 kinaiwajibisha halmashauri kulinda ustawi wa watoto walio katika eneo lake, na kifungu cha 95 kinaelekeza taarifa za mzazi anayemtelekeza mtoto zipelekwe huko huko, ambapo afisa ustawi wa jamii anaweza kumwita mhusika wakazungumza na kuamua kwa maslahi ya mtoto. Wengi huridhia hapo. Asiporidhia, Mahakama ya Watoto inaweza kuamuru atoe matunzo, na mlezi kama wewe anaruhusiwa kuyaomba. Wasaidizi wa kisheria, ambao wanatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, hukusaidia kuandika maombi bila malipo. Mjomba wa watoto naye awepo katika kikao, maana kwa Wamakonde neno lake lina uzito ambao barua ya ofisini haina.

Niongeze langu moja. Bei ya mnada husomwa mbele ya wanachama wa chama cha msingi cha ushirika kwa shilingi na senti, na kila mkulima anaijua. Sijaona kwa nini mahudhurio ya shule ya mwezi Oktoba yasisomwe katika mkutano wa kijiji kwa namna hiyo hiyo.

SWALI: Je, ni kweli kwamba Serikali imepiga marufuku unyago? Hapa kwetu fedha za korosho zikiingia, hata wasichana wa miaka minane huingizwa ndani.
– Msomaji, Ruangwa

JIBU: Unyago haujapigwa marufuku. Kilichokatazwa na kifungu cha 13 cha Sheria ya Mtoto ni mila inayomdhalilisha mtoto au kumdhuru mwili na akili, na adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi milioni 5 au kifungo kisichozidi miezi 6, au vyote viwili. Usafi, heshima na namna ya kujihifadhi mwali ni mafunzo mema. Lakini mafunzo ya ndoa kwa mtoto wa miaka minane hayana utetezi, na nyakanga wengi, yaani wakufunzi wa unyago, mtu akizungumza nao faragha hulikubali hilo. Wazazi waafikiane na nyakanga kabla ngoma haijapigwa: umri, mambo yatakayofundishwa, na kwamba mwali ataingia likizo ya Desemba na kutoka kabla shule hazijafunguliwa Januari. Akitokea mtu wa kumwoa mwanafunzi baada ya kutoka, hilo ni kosa chini ya Sheria ya Elimu kama ilivyorekebishwa mwaka 2016, na kifungo chake kinaweza kufikia miaka 30. Toa taarifa kwa mtendaji au Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, au piga simu namba 116, ambayo haitozwi.