Maswali na majibu: Hii "forward" ni mbele ya nani?

Barua nyingi za wiki hii zinauliza neno moja tu, "forward". Nazijibu kwa mpigo. Atakayeuliza tena wiki ijayo bila kusoma hapa, mimi simo.

Mwalimu, nimeandikiwa kwamba usaili wangu wa Alhamisi umekuwa "brought forward by two days". Niende Jumamosi?

Usithubutu! Nenda Jumanne. Sisi tukisogeza mkutano mbele tumeuahirisha. Kwa Kiingereza "bring forward" ni kuuvuta uje karibu, ufanyike mapema. Kuahirisha ni "put back" au "postpone". Nayajua haya kwa machungu. Ujanani nilipata barua kama yako, nikaenda Jumamosi, shati limepigwa pasi mpaka kola inakata shingo. Getini nikamkuta mlinzi anamenya chungwa. "Wenzako walikuja Jumanne," akasema, akanikatia kipande.

Na ukiona "moved forward" usibahatishe kabisa. Mtafiti wa huko Marekani, Lera Boroditsky, aliwauliza wenye lugha yao: mkutano wa Jumatano ukiwa "moved forward two days", utakuwa lini? Wengine walisema Jumatatu, wengine Ijumaa. Piga simu, uliza tarehe.

"I look forward to hear from you" ni sahihi?

"Hearing". Nilijibu mwezi uliopita, na mwezi wa kabla yake.

"Foward" na "foreword" ni kitu kimoja?

La kwanza si neno, umeangusha r. La pili ni dibaji ya kitabu. Niliwahi kuletewa mswada wenye dibaji iliyoandikwa "FORWARD" kwa herufi kubwa, tena zimekolezwa wino. Sikufunua ukurasa wa pili.

Niandike "forward" au "forwards"?

Gari likienda mbele, Mwingereza anaruhusu yote mawili, Mmarekani hupendelea lisilo na s. Kwenye "look forward" na "bring forward", s haina nafasi.

Kampuni za "clearing and forwarding" pale bandarini zinapeleka nini mbele?

Mzigo wako. Wanautoa forodhani, kisha wanahakikisha unaendelea na safari hadi ulipo. Ni maana ile ile ya kufowadi ujumbe. Na kwa kuwa tumefika huko: mwaka 2019 WhatsApp waliweka kikomo cha kufowadi kwa mazungumzo matano kwa mkupuo, na 2020 ujumbe uliokwisha zunguka sana wakaubana hadi mazungumzo mamoja. Bado dawa ya kitunguu saumu inayotibu kila kitu hunifikia kabla ya chai ya asubuhi. Someni kwanza, jamani.

"Going forward" tuseme "kwenda mbele"?

Ndilo nililokuwa nalisubiri. Juzi redioni msemaji mmoja katamka bila haya: "Kwenda mbele, tutaboresha huduma." Nani anakwenda? Kwa miguu au kwa bodaboda? Tuna "kuanzia sasa", tuna "siku zijazo", tuna "huko tuendako". Na mara nyingi hata hayo hayahitajiki. Sema "tutaboresha huduma" unyamaze; hiyo -ta- imeshabeba wakati ujao.