Re: Utitiri kwenye mipapai, majani ya juu na ya chini

Ndugu, umeuliza mbona majani ya chini ya mipapai yako yana vidoadoa vya njano huku ya kileleni yamesinyaa kama kucha, na kama ni utitiri uleule, yaani vijidudu vidogo mno vinavyofyonza majani. Hapana, ni wawili tofauti. Utitiri mwekundu hupenda jani lililokomaa: ligeuze, kando ya mshipa mkuu utaona utando mwembamba na kama vumbi linalotembea. Wa kileleni haonekani kwa macho, na mdomo wake hauliwezi jani lililokakamaa, ndiyo maana anang'ang'ania machipukizi. Wengi hudhani ni virusi wakang'oa mipapai ambayo ingepona, inauma sana! Tazama kwanza kwa lenzi inayokuza mara 10. Salfa inawapunguza wote, ila pulizia jioni. Kwenye jua kali inaunguza majani.