Mwalimu, nani aliyeziondoa fedha za vyoo vya shule yetu?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mzazi mkoani Mara. Nina watoto wawili katika shule ya msingi ya kijijini kwetu, mmoja darasa la tatu na mwingine la sita. Shule ina wanafunzi 612: wasichana 318 na wavulana 294. Matundu ya vyoo ni manane tu, manne kila upande, na mawili ya upande wa wasichana yamejaa. Mlango mmoja ni gunia. Binti yangu wa darasa la sita hanywi chai asubuhi, hata maji hagusi. Anasema akinywa atabanwa na haja, na kule lazima mwenzake asimame nje amshikie gunia.

Mwaka jana tuliambiwa kwenye mkutano wa kijiji kwamba vyoo vyetu vimeingizwa kwenye bajeti ya halmashauri. Julai imefika, tumeuliza, mtendaji anasema fedha zimepelekwa kujenga madarasa mawili kata nyingine. Sasa kila kaya inadaiwa Sh 15,000 za vyoo, na wiki iliyopita mwanangu mdogo alirudishwa nyumbani kwa sababu sijalipa. Si tuliambiwa elimu ni bure? Ruzuku ya serikali inakwenda wapi? Na nani aliamua kwamba watoto wa kata ile wana haki kuliko wa kwetu?
Mzazi, Mara

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na huyo mtoto aliyerudishwa, maana yeye hawezi kusubiri kikao. Mtoto harudishwi nyumbani kwa sababu ya mchango. Serikali ilifuta ada na michango ya lazima kwa Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015, na Januari 2018 Rais Magufuli alilikazia tena jambo hilo hadharani: anayetaka kuchangia apeleke kwa mkurugenzi wa halmashauri, mwalimu asishike fedha, na mwanafunzi asihusishwe. Wananchi kuchangia kwa hiari yao hakukatazwi. Kinachokatazwa ni kumgeuza mtoto kuwa rehani ya deni la mzazi. Mpeleke mwenyewe asubuhi, zungumza na mwalimu mkuu kwa heshima, na akishikilia msimamo wake nenda kwa afisa elimu kata siku hiyo hiyo.

Sasa ruzuku. Wazazi wengi wanaitazama kama mfuko mkubwa ambao mwalimu mkuu ameuficha kabatini, kwa hiyo tuipigie hesabu pamoja. Kiwango cha shule ya msingi ni Sh 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Asilimia 40 yake, yaani Sh 4,000, hubaki juu serikalini kwa ajili ya vitabu. Zinazoshuka hadi kwenye akaunti ya shule ni Sh 6,000. Zidisha kwa watoto wenu 612, unapata Sh 3,672,000 kwa mwaka, au Sh 306,000 kwa mwezi. Humo mna chaki, rimu za karatasi, mitihani ya ndani, mipira, kitasa kilichovunjika na bati lililoezuliwa na upepo. Nimekalia kiti cha mwalimu mkuu na najua mwezi unavyoisha. Kiwango hicho cha 10,000 tulianza kukisikia enzi za MMEM, yaani Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, ulioanza mwaka 2002. Kalinganishe bei ya mfuko wa saruji wa wakati ule na wa leo, utaelewa kwa nini nasema kimepitwa na wakati na wabunge wanapaswa kukipigia kelele.

Hata hivyo una haki ya kuona kila shilingi. Tangu Januari 2016 ruzuku inaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya shule, na mapato na matumizi yanatakiwa kubandikwa kwenye ubao wa matangazo. Nenda kautazame. Kama karatasi iliyopo ni ya mwaka juzi na imepauka kwa jua, waulize wajumbe wa kamati ya shule. Hao mliwachagua ninyi, na mwalimu mkuu ni katibu wao tu.

Kwa vyovyote, vyoo havijengwi kwa Sh 306,000. Mwongozo unataka tundu moja kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25. Kwa hesabu zako, wasichana wanahitaji matundu 16 na wavulana 12, jumla 28. Mnayo manane, na mawili hayatumiki. Upungufu wa namna hii ni mradi wa maendeleo, na mradi wa maendeleo huamuliwa halmashauri. Hapo ndipo lilipo swali lako la tatu, ambalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote.

Bajeti huanza kijijini. Vipaumbele huibuliwa kwa utaratibu wa fursa na vikwazo kwa maendeleo, yaani wananchi wenyewe wanataja walichonacho na kinachowakwamisha, hupita kwenye mkutano mkuu wa kijiji, kisha huenda kamati ya maendeleo ya kata ambako diwani ndiye mwenyekiti. Kutoka kata huingia halmashauri, wataalamu wanavipanga kwa kufuata ukomo wa bajeti, yaani kiwango ambacho hawaruhusiwi kukivuka, uliotolewa na Hazina, kamati ya fedha inavipitia, na baraza la madiwani linavipitisha katika miezi ya mwanzo ya mwaka. Halafu mkoa, TAMISEMI (ofisi inayosimamia serikali za mitaa), na Bunge kuanzia Aprili. Tarehe 1 Julai mwaka mpya wa fedha unapoanza, mambo yameshakamilika. Ninyi mliuliza Julai. Swali lenu lilitakiwa kuulizwa tangu Januari, na kwa sauti ya watu wengi.

Pale kwenye ukomo ndipo maombi ya vijiji yanapofia. Vijiji vyote huomba. Fedha ni zile zile. Mapato ya ndani yenyewe yanafika mezani yakiwa yamekwisha kukatwa: asilimia 10 kwa sheria inakwenda kwenye mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, posho za madiwani zipo, uendeshaji upo. Kinachosalia kwa miradi kinagombewa na kata zote, na diwani aliyekwenda na takwimu mkononi humshinda aliyekwenda na malalamiko. Siwalaumu wazazi wa kata ile nyingine. Huenda watoto wao wanasomea chini ya mwembe. Usiwafanye maadui, maana wakubwa wakiona kata mbili zinagombana hupumua.

Ila nitasema ninaloliamini, na nimelisema vikaoni kabla sijastaafu. Halmashauri zetu zinapenda madarasa kuliko vyoo, na ni upungufu wa kufikiri. Mwaka 2021 zilipokuja fedha za UVIKO-19 nchi ilijenga madarasa 15,000, kazi kubwa ambayo kila mwenye macho aliiona. Darasa linapigwa picha na kuzinduliwa na mgeni rasmi. Choo kikijaa hakuna kiongozi anayepita kukiona, anayekiona ni mtoto wa darasa la sita. Wasichana wa umri huo wanaanza kupata hedhi. Asiye na mahali pa kujistiri pana mlango na maji hukaa nyumbani siku hizo, na mwalimu anaandika utoro. Darasa jipya la kumweka mtoto ambaye hakuja shule limemsaidia nani? Kanuni yangu ingekuwa rahisi: shule isiyofikia hata nusu ya matundu inayotakiwa iingie kwenye orodha kabla ya darasa lolote jipya popote wilayani.

Nini cha kufanya sasa? Kwanza mjue kama vyoo vyenu viliingia kweli kwenye bajeti iliyopitishwa, au viliishia kwenye muhtasari wa kata mkaambiwa vimeingia. Ni mambo mawili tofauti, na mara nyingi watu hudanganyika hapo. Mwandikieni mkurugenzi kupitia mtendaji wa kijiji, mbaki na nakala yenye mhuri wa kupokelewa. Ikiwa viliingia, fedha ya mradi mmoja haihamishwi kwenda mradi mwingine kwa neno la mtu. Lazima kuwe na kikao kilichoridhia. Ombeni muhtasari wa kikao hicho. Kama haupo, hapo kuna hoja ya ukaguzi, na mwambieni diwani aiulize kwenye baraza. Vikao vya baraza ni vya wazi, kwa hiyo nendeni mkakae nyuma wanawake kumi, si lazima mseme kitu.

Wakati huo huo msiache kujenga. Halmashauri hupenda kumalizia maboma, yaani majengo yaliyoanzishwa yakaachwa bila kwisha, kwa sababu nusu ya gharama imeshabebwa. Mkikubaliana kwa hiari mkachimba shimo, mkasomba mawe na mchanga na kuinua kuta hadi kwenye linta, boma lenu litakuwa na uzito kuliko barua kumi. Asiye na fedha atoe nguvu zake. Upo pia Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2009, ambao mbunge ni mwenyekiti wa kamati yake. Bati na saruji za miradi iliyoanzishwa na wananchi hutoka huko. Peleka ombi likiwa na picha ya boma na idadi ulizoniandikia mimi: 318, 294, nane. Na hiyo habari ya chai ya binti yako iandikeni kama ulivyoniandikia.

SWALI: Mwalimu, mimi ni mzee wa miaka 67, niko Songea, wajukuu wangu wote wanasoma Dar es Salaam. Nikiuliza mapato ya shule ya mtaani kwetu naambiwa mimi si mzazi. Ni kweli sina haki?
Mkazi, Songea

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Haki unayo. Mkutano mkuu wa mtaa ni wa wakazi wote waliotimiza miaka 18, wawe na watoto shuleni au wasiwe nao, na shule ya umma inaendeshwa kwa kodi unayolipa kila ununuapo sukari. Muulize mwenyekiti wa mtaa tarehe ya mkutano ujao na utake taarifa ya shule iwe kwenye ajenda. Kama kamati ya shule inaelekea kumaliza muda wake, gombea. Wastaafu wana muda wa kusoma risiti.