Hesabu Isiyotulia: Kosa ni la Mbinu au la Laini?

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa uhandisi wa umeme, niko Masasi. Nimeandika programu ya mtiririko wa umeme kwa mbinu ya Newton-Raphson (inayokadiria jibu na kulisahihisha kwa marudio), nikaipa laini ya mfano ya kilovoti 33 yenye urefu wa kilomita 150 kutoka Mtwara, na mzigo wa megawati 5 kwa pawafakta 0.9 (sehemu ya umeme unaobebwa inayofanya kazi halisi). Hata baada ya marudio 100 hesabu haitulii. Je, nitafute mbinu nyingine?

JIBU: Ndugu yangu, kabla ya kuiacha mbinu, hakikisha kwamba jibu unalolitafuta lipo. Tuchukue waya wenye ukinzani wa omu 0.27 na riaktansi (kizuizi cha umeme wa mkondo geu kisichotokana na ukinzani) ya omu 0.36 kwa kila kilomita, makadirio ya kawaida kwa alumini ya milimita za mraba 100. Kwa kilomita 150 tunapata omu 40.5 na omu 54. Ukipiga hesabu ya uwezo wa juu wa laini hiyo kwa pawafakta 0.9, unapata takriban megawati 3.8 tu. Megawati 5 mwishoni mwa laini hazina volti yoyote inayoweza kuzibeba, na kwa hiyo programu yako inahangaika kutafuta kitu kisichokuwepo. Mbinu nyingine nayo itakwama papo hapo.

Nadhani kosa liko kwenye modeli: umelundika mzigo wote mwishoni, ilhali kwa kawaida vijiji, mashine za kusaga na viwanda vya kubangua korosho huchota umeme njiani. Ugawe mzigo huo kwenye transfoma zake. Ukigawanyika sawasawa katika laini nzima, anguko la volti hupungua hadi karibu nusu, na jibu linapatikana.

Kisha anza na asilimia 10 ya mzigo, uupandishe kidogo kidogo, ukitumia volti za hatua iliyopita kama makadirio ya kuanzia. Ukikaribia kikomo, ditaminanti ya matriki ya Jacobi (jedwali la namba ambalo mbinu yako hulitumia kusahihisha makadirio) itasogea kwenye sifuri, ishara kwamba jibu linakaribia kutoweka. Usidhani kuweka kapasita mwishoni ili kuinua pawafakta kutatosha: hata pawafakta ikifika 1, kikomo kinapanda hadi megawati 5.04 hivi, na hapo volti za mwisho huwa karibu kilovoti 18. Kompyuta itafurahi, mota za kiwandani hazitazunguka.