Mandhari nyeusi kwenye Xfce: kwa nini nusu ya programu zinagoma

Mkuu, usifute kitu wala usisakinishe upya. Umesema umeshusha mandhari (theme) nyeusi kwenye Xfce, yale mazingira ya eneo-kazi ya Linux, kidhibiti cha faili kikabadilika vizuri, lakini vichwa vya madirisha vimebaki vyeupe, programu mbili tatu zimegoma kabisa, na kwingine maandishi hayasomeki. Yote hayo yalinikuta. Nilisakinisha mfumo upya mara mbili kabla sijaelewa kwamba hakukuwa na kilichoharibika.

Kwenye Linux, unachokiona kwenye skrini hakichorwi na mkono mmoja. Fremu ya dirisha, yaani ule mstari wa juu wenye kitufe cha kufunga, huchorwa na kidhibiti cha madirisha, ambacho kwa Xfce kinaitwa xfwm4. Vilivyomo ndani ya dirisha huchorwa na maktaba iliyotumika kujengea programu: nyingine GTK, nyingine Qt. Ndiyo maana mipangilio ya muonekano na ya kidhibiti cha madirisha imewekwa mahali tofauti. Fungua folda ya mandhari uliyoshusha, iwe ndani ya .themes au .local/share/themes, folda zilizofichwa kwenye folda yako ya nyumbani. Ukikuta ina gtk-3.0 lakini haina xfwm4, basi aliyeitengeneza hakuchora fremu, na utabofya mpaka usiku uingie bila kupata mabadiliko. Chukua fremu ya mandhari nyingine yenye rangi inayokaribiana, uzioanishe. Matoleo mapya ya Xfce yana swichi ya kuoanisha yenyewe, ila nayo husaidia endapo tu folda hiyo ipo.

Kwa zile zilizogoma, angalia zimejengwa kwa nini. Programu nyingi za GNOME (mazingira mengine ya eneo-kazi) kuanzia toleo la 42, la mwaka 2022, hutumia maktaba ya libadwaita, na hiyo haipokei mandhari za nje. Inachosikiliza ni kama unataka mwanga au giza. Za Qt zinahitaji qt5ct au qt6ct, programu ndogo za kupangia muonekano wa Qt, na Kvantum, injini ya mandhari za Qt, ukitaka zifanane na zenzake. Za Flatpak, yaani zilizosakinishwa kama vifurushi vinavyojitegemea, zimefungiwa kwenye chumba chao, haziioni folda yako ya .themes, kwa hiyo mandhari yenyewe uisakinishe kama Flatpak. Mimi za libadwaita nimeziacha na rangi zao. Nyeusi yake imepimwa vizuri, na muda niliopoteza kuilazimisha ningefanyia mambo mengine.

Hilo la maandishi kutosomeka ndilo ninaloomba ulichukulie kwa uzito kuliko fremu. Siku moja nilikuwa najaza fomu kwenye kivinjari. Naandika jina, kisanduku kitupu. Naandika tena, kitupu. Nikachomoa kibodi nikairudisha. Mwisho nikabonyeza Ctrl+A, na jina langu likatokea mara mbili ndani ya ukanda wa bluu. Kumbe mandhari ilikuwa imekipaka kisanduku rangi nyeusi, na ukurasa wenyewe umeagiza herufi nyeusi. Nikakiambia kivinjari kionyeshe kurasa kwa mwanga, yakaisha. Tangu hapo kila mandhari mpya naijaribu kwanza kwenye fomu, kwenye menyu zilizozimwa na kwenye maandishi yaliyochaguliwa, kwa sababu picha za matangazo hazionyeshi sehemu hizo. Miongozo ya WCAG, ile ya kurahisisha kurasa za wavuti kusomeka na watu wote, inataka tofauti ya angalau 4.5 kwa 1 kati ya maandishi ya kawaida na kinachoyabeba, na mandhari nyingi zenye kijivu juu ya kijivu hazifiki.

Na kabla ya kuhangaika na ikoni, gusa fonti. Nilipandisha DPI (nukta kwa inchi, inayoamua ukubwa wa herufi) kutoka 96 hadi 108, kwenye kichupo cha fonti cha mipangilio ya muonekano, nikapandisha na herufi kutoka 10 hadi 11. Siku ya kwanza niliona kila kitu kinene. Siku ya tatu nikagundua nimeacha kuinamia skrini. Hakuna mandhari iliyowahi kunifanyia hivyo.

Ukishafika unapopapenda, nakili folda ya .config/xfce4 uiweke pembeni. Kuirudisha kuna mtego: ukiibandika ukiwa ndani ya akaunti yako, xfconfd, huduma inayotunza mipangilio ya Xfce, bado inashikilia mipangilio ya sasa kwenye kumbukumbu na inaweza kuandika juu ya ile uliyoirudisha. Toka kwanza kwenye akaunti, bonyeza Ctrl+Alt+F3 upate skrini ya maandishi matupu, ingia hapo, rudisha folda, ndipo uingie kama kawaida.

Ukihamia KDE Plasma, mazingira mengine ya eneo-kazi, usishushe ovyo zile mandhari kamili. Hizo huweza kubeba hati (script) zinazoendeshwa kwenye kompyuta yako, tofauti na za GTK ambazo kwa kawaida ni faili za CSS (maelezo ya rangi na mitindo) na picha. Machi 2024 KDE wenyewe walitoa tahadhari baada ya mandhari moja ya aina hiyo kufuta faili za mtumiaji.

Sasa fungua ile folda ya mandhari uliyoshusha uniandikie hapa majina ya folda zilizomo, pamoja na majina ya programu zilizogoma. Nitakuambia ipi inarekebishika na ipi uiache ilivyo.