Ukirithi Albamu ya Ukoo, Anza na Maswali Haya

Picha ya studio haikupigwa kwa kubahatisha. Mtu alioga, akavaa nguo ya Idi, akalipa, akakaa alipoambiwa akae. Kwa hiyo nikipewa albamu ya ukoo siishii kwenye “huyu nani?” Nauliza nguo ni ya nani, nani kampanga pale, na nani hayupo.

Bibi mzaa mama yumo kwenye picha moja, kakaa kando ya redio, kiganja kakigeuza makusudi ili saa ionekane. Mdogo wake alipoiona alicheka: “Saa hiyo ya studio, kila mtu kaivaa!” Redio nayo kadhalika. Wapo watakaosema basi picha yenyewe uongo. Mimi sikubali. Inanionyesha msichana wa Unguja alitaka aonekane vipi, na hilo hulipati kwenye cheti cha kuzaliwa.

Geuza picha utazame mgongoni. Ukikuta muhuri wa Capital Art Studio ya Mji Mkongwe, iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, ushajua haikupigwa kabla ya hapo. Kama haina muhuri, tazama pazia la nyuma. Likifanana na la picha yenye muhuri, huenda studio ni hiyo hiyo. Kanga isome kwa kioo cha kukuzia, kisha waulize shangazi zako jina lile lilivuma lini. Watakutajia harusi, si mwaka, lakini harusi inatosha.

Unyevu wa pwani huzigandisha picha kwenye kioo cha fremu. Usibandue! Ipige kwa simu ikiwa humo humo, karibu na dirisha, bila flashi. Zilizo kwenye albamu za kurasa za gundi zitoe mapema kama zinatoka bila kuvutwa. Majina yaandike nyuma, pembezoni, kwa penseli laini, wino hupenya.

Wazee waone mmoja mmoja, maana ukiwakusanya mwenye sauti kubwa ndiye atakayeandika historia. Washa kinasa sauti, mpe picha aishike, kisha nyamaza. Akisema “mke wa fulani,” mwombe jina lake mwenyewe na la baba yake. Wanawake ndio wanaotangulia kupotea.

Na yule aliyekatwa kwa mkasi, maana albamu nyingi hazimkosi, muulizie mwishoni, chai ikishanyweka.