Wanagenzi, angalieni mko kwenye hifadhidata gani

Kila ifikapo Juni ofisi yetu ya programu hapa Ntinda, Kampala, hupokea vijana wa mafunzo kwa vitendo, na haipiti Julai kabla sijasikia kilio kilekile: "Kaka, data zangu zimepotea." Hazijapotea. Umezifuta mwenyewe kwa amri ya majaribio, kama walivyozifuta waliokutangulia. Nawapenda vijana hawa, wengi wao hukaa mpaka usiku bila kuambiwa. Ila nimechoka kuyasema haya kwa mdomo kila msimu, basi leo nayaandika. Faili ya .env, ile yenye anwani, nywila na mipangilio mingine ya programu, mnaijua, sitairudia.

1. Hifadhidata ya kutengenezea na ya majaribio ni mbili. Ziite duka_dev na duka_test, kila moja na anwani yake. Majaribio kazi yake ni kufuta na kujaza upya, hayaulizi data ni za nani. Django, mfumo wa kutengenezea tovuti kwa Python, inakuundia yenyewe hifadhidata ya majaribio yenye jina linaloanza na test_, kwa hiyo aliyezoea Django hufika kwenye Laravel, mfumo kama huo wa PHP, akiwa hana wasiwasi wowote. Huko anaandika vizuri jina la hifadhidata ya majaribio kwenye phpunit.xml, faili ya mipangilio ya majaribio, kisha anaona video ya kuongeza kasi ya tovuti na kupiga php artisan config:cache kwenye laptopu yake. Kuanzia hapo Laravel inasoma mipangilio iliyogandishwa, phpunit.xml haiangalii tena. Akiendesha majaribio yenye RefreshDatabase, inayojenga upya majedwali yote, duka_dev inabaki tupu. Amri ile ni ya seva. Kama umeipiga kwako, piga config:clear kabla ya jambo lingine lolote.

2. Kigeu, yaani jina lenye thamani ambalo programu inalisoma kama DATABASE_URL, kikiwa kwenye terminali kinashinda kilichomo kwenye faili. Hili nimelilipia mwenyewe, na ndilo linalonifanya niwe mkali.

Tulikuwa na programu ya chama cha akiba na mikopo. Dada mmoja anayekagua programu zetu kabla hazijamfikia mteja alikuwa ameijaza hifadhidata ya seva ya ukaguzi huo kwa mkono: wanachama, wadhamini, mikopo iliyochelewa, marejesho ya nusu, kila mfano wa riba uliowahi kutuletea ugomvi na mteja. Kazi ya wiki nyingi. Siku hiyo mkopo mmoja ulikuwa unatozwa riba mara mbili, nami nikataka kuuona kwa macho yangu. Nikaandika export DATABASE_URL= pamoja na anwani ya seva ile, nikaufuata mkopo, nikalipata kosa, nikalirekebisha. Nilifurahi. Katika dirisha lilelile la terminali nikapiga npm test, amri ya kuendesha majaribio.

Maktaba ya dotenv, inayosoma faili za .env, kama hujaiagiza vingine, haigusi kigeu kilichokwisha kuwepo. Ilisoma .env.test yangu, ikakuta DATABASE_URL ipo tayari, ikapita. Majaribio yetu yalianza kwa TRUNCATE yenye CASCADE, amri inayofuta kila kilichomo, kwenye kila jedwali. Nikayatazama yakipita moja baada ya jingine, yote kijani. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo: hakuna hata mstari mmoja mwekundu ulionionya. Nikaunganisha mabadiliko na kwenda kula.

Niliporudi yule dada alikuwa amesimama mezani kwangu. "Kaka, mbona chama kina wanachama wawili tu, na wote siwajui?" Nilielewa kabla hajamaliza. Nakala ya akiba hatukuwa nayo, kwa sababu tulijiambia kwamba ile ni ya majaribio tu, nani atahitaji nakala yake. Nikamwambia ukweli palepale, mbele ya timu. Hakunigombeza. Alivuta kiti, akafungua daftari lake, akaanza kunisomea majina, mimi nikiandika. Riba nyingine hakuzikumbuka, na makosa mawili ambayo mifano ile ingeyanasa yalimfikia mteja.

Tangu hapo kwenye miradi yangu hakuna anayetegemea kumbukumbu. Kabla ya kufuta chochote, majaribio huiuliza hifadhidata yenyewe: SELECT current_database(). Jina lisipoishia na _test, yanasimama na kutoa kosa. Ni mistari minne. Na kwenye seva ya ukaguzi, wasanidi wanaingia kwa akaunti ya kusoma tu. Kijana akiniambia "mimi huwa naangalia kwanza", namjibu kwamba nami niliangalia, ila niliangalia faili, na kigeu hakikuwa kwenye faili.

3. MoMo, pesa za simu za MTN. Kwenye API yao, yaani mlango ambao programu yako inazungumza nao, mazingira ya majaribio yanataka kichwa cha ombi X-Target-Environment kiwe sandbox na sarafu iwe EUR. Ya kweli hapa kwetu ni mtnuganda na UGX. Anwani, ufunguo, mazingira na sarafu vinahama pamoja. Msibadilishe kimoja mkaacha vitatu kisha mkaja kuniambia MTN wana tatizo. Sarafu nayo iwe kigeu, isiandikwe ndani ya msimbo.

4. Thamani ya kigeu ni maandishi. Katika JavaScript, TUMA_SMS=false ikipimwa kwa if peke yake inahesabiwa kuwa kweli, na ujumbe unawafikia watu halisi usiku. Linganisha na 'true', neno kwa neno.

5. Ukisukuma .env kwenye Git, hazina inayotunza historia ya msimbo, badilisha nywila kwanza, maelezo baadaye. Kuiongeza kwenye .gitignore hakuitoi faili iliyokwisha kuingia, na hata git rm --cached inaiacha kwenye historia. Kinachowekwa Git ni .env.example yenye majina bila siri. Na kwenye Vite, zana ya kuandaa msimbo wa kivinjari, kigeu chochote kinachoanza na VITE_ ambacho msimbo wako unakitumia kinakwenda mpaka kwenye kivinjari cha mteja.

6. TZ=UTC, yaani saa ya kimataifa, kwenye majaribio. Kampala iko saa tatu mbele yake, kwa hiyo ripoti ya "leo" inavunjika kati ya saa sita na saa tisa usiku, halafu asubuhi inapona yenyewe.

7. Nakala ya data za wateja haiingii kwenye laptopu yako, hata ukinibembeleza kwamba data za kubuni hazifanani na za kweli. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inamlinda yule mama aliyekopa, na laptopu zinaibiwa kwenye teksi kila siku. Tengeneza data za kubuni zenye sura ya kwetu: namba za simu zinazoanza na 256, majina mawili ya ukoo mmoja, mtu asiye na barua pepe. Ukikwama kuzitengeneza, njoo na laptopu yako mezani kwangu, tutaziandika pamoja.